Visiki vya Ngitili Yako

Baba,

Mwangaluka. Nilizoea kukuamkia nikiwa bado mlangoni, nawe ukiitika "Mwangaluka, mayo," ukituita mama sote, kabla hujajua ni binti yako yupi anayeingia. Leo nakuamkia kwa kalamu, maana nina jambo ambalo mdomo wangu ulishindwa kulisema.

Ulipolazwa Shinyanga mjini, kila nilipokuletea uji uliniuliza habari za malisho yako ya akiba, "Ngitili iko salama?" Nikajibu iko salama. Nilidanganya, Baba. Wiki ileile mimi na kaka Masanja tulikuwa tumewaruhusu watu waikate migunga yako, waipeleke Geita ikawe matimba ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke. Tulitaka pesa za dawa zako. Ukafa ukiamini miti yako na majani yako vimefungwa kama ulivyoviacha, vikiwangoja ng'ombe wa kiangazi.



Mvua zilipoanza, kikundi cha hapa kijijini kilitafuta watu wa kujitolea kujifunza kutunza misitu ya asili. Nikawa wa kwanza kuandika jina. Nilidhani tutagawiwa miche. Basi kwa kiherehere changu unachokijua, siku ya kwanza niliwatangulia wenzangu na jembe, nikaanza kung'oa visiki vyako ili nipate nafasi ya kupanda. Nilikuwa nimeshang'oa vinne Mama Kulwa, anayetufundisha, aliponidaka mkono.

"Mayo! Mbona unamzika mtu angali anapumua?"

Akakikwangua cha tano kwa ukucha. Ndani kilikuwa kibichi kabisa. Nikakaa chini nikalia mbele za watu, mtu mzima mimi, jembe mapajani.

Vile vinne sitavisahau. Lakini vilivyobaki, Baba, laiti ungeviona! Kwenye kila kisiki tunachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, tunapogoa mengine, kisha tunayafunga kitambaa yale tuliyoyachagua, ili mwenye panga na mchungaji wajue hayaguswi. Vitambaa vya kikundi viliisha tukiwa katikati ya ngitili. Nikarudi nyumbani kuomba kanga kuukuu. Mama akafungua sanduku, akatoa shati lako la mistari, lile la kwendea mnadani. Alilinusa kwanza. Halafu yeye mwenyewe akaanza kulichana.

Kiangazi kilipoingia, Masanja alitaka kuwaingiza ng'ombe humo, kwa sababu kwingine kote ni vumbi. Tuligombana mpaka tukawa hatusalimiani. Nilimwambia nenda kwanza ukaangalie kilichofungwa kwenye machipukizi. Alikwenda peke yake, akakawia.

Kesho yake asubuhi nilimkuta na mkokoteni uleule uliobeba magogo yako, safari hii umejaa matawi ya miiba. Alikuwa anaziba pengo la kuingilia. Ng'ombe amewapeleka kwa shemeji mpaka mvua zirudi. Nilimshikia matawi tu, akawa anapanga.

Pumzika, Baba. Nakuahidi pengo lile halitafunguliwa mpaka machipukizi yanipite kimo. Kwa sasa marefu yake yananifika magotini. Ungeniuliza tena leo, nisingesema iko salama. Ningeweka uji chini, nikushike mkono, nikuambie: tuliikata, Baba. Inachipua.

Binti yako,
Kabula