Matabishi ku mulango ya mwisho

Papa,

Nakuandikia nikikaa ku kiti yako kifupi ya kukamulia maziwa. Usinigombeze. Ungekuwa muzima singekaa juu yake hata kidogo, mukazi wa mutoto hakaake ku kiti ya papa mukwe. Lakini ni Mama mwenyewe, mukazi wako, aliileta, akasema, "Kaa, mugongo itakuuma." Mutoto wangu Rehema amelala ku magoti yangu. Kama mistari inapinda, ni yeye anapiga teke.

Haukumuona. Ulituacha nikiwa na tumbo yake kubwa, na siku ya kukuzika wamama wa hapa Kirolirwe walinikataza kupanda kilima, na mimi nikapanda. Mama anasema amezaliwa na masikio yako. Mimi siwezi kujua, juu sikukuangaliaka mu uso. Heshima yetu njo ilikuwa vile. Ulikuwa unatembea mbele na wageni wanaokuja kuona malisho, mimi nyuma na chupa za maji. Ukiwa na kitu ya kunipa unaiweka ku jiwe, unaendelea na njia, mimi nafika naiokota. Hata fungu yangu ya matabishi, ile feza ya asante ya wageni, niliiokotaka ku lile jiwe la karibu na mulango ya mwisho. Mukono yako na yangu haikugusana. Lakini Papa, hakuna muntu alinipa vitu vingi kama wewe.

Unakumbuka wiki niliyofika kutoka Ntoto? Sisi wa Walikale tulikomaa mu pori, ng'ombe tulikuwa tunaiona ku picha ya kitabu. Ile ya madoa ikaninusa shingo, nikapanda ku fensi na kikwembe yangu yote. Wageni walikuwa wanaangalia. Na wewe ukapiga kelele, "We mutoto wa pori, hii inakulaka majani, haikulake bibi arusi!" Ukacheka mupaka ukakohoa, na wageni wakacheka bila kusikia Kiswahili. Leo ile ng'ombe ya madoa inanifuata kama mutoto. Ingeniona ku hii kiti yako ingefikiri naanza kumukamua.

Sasa nikupe habari yenyewe. Ni mimi natembeza wageni.

Najua. Na mimi sikufikiri. Mutoto wako, mume wangu, yuko Ntoto, anachukua mafuta ya ngazi, ile ya mawese, kule na kuipandisha huku, anarudi barabara ikimuruhusu. Ukipotea wewe, ni nani angeshika fimbo yako ya kutembeza wageni? Papa Kambale, ule wa Butembo mwenye duka na magari, anayetuleteaka wageni kutoka Goma, alinipigia telefone akauliza, "Mama Rehema, njia unaijua?" Nikamujibu, "Nimeitembea nyuma ya muzee toka nilipoolewa." Akasema, "Basi pita mbele." Maneno ilikuwa ile tu.

Basi nilipita mbele, na Rehema ku mugongo. Kilima naijua, majina ya ng'ombe naijua, pahali pa kupumuzisha wenye pumzi fupi napajua. Kitu moja njo sikuipanga: matabishi.

Wewe ulikuwa na namna yako. Haukupokeaka asante ya mugeni ku gari, wala njiani, wala kwa siri. Ulingojaka ku mulango ya mwisho ya malisho, Papa Siriaki na wenzake wachunga ng'ombe wakiwa pale, wale wanaofunguaka milango yote tunayopita. Unavua kofia, unaishika mbele ya tumbo, haunyooshi, unaishika tu. Mugeni anaweka anachopenda ao haweki. Unagawa palepale, macho yote inaona. Na nyuma ya ile njo Mama analeta viazi na maziwa ya kuganda. Siku moja nilikuuliza kwa nini tusiwalishe kwanza, muntu mwenye kushiba anatoaka vizuri. Ukanijibu bila kugeuka, "Nikimulisha mbele, atafikiri namutega. Nikimulisha nyuma, feza haiko neno ya mwisho." Nikabeba ile maneno pamoja na chupa za maji.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa familia ya Goma, na shangazi yao anayekaa Ulaya. Wamama wazuri. Hata hatujaanza kupanda, ule shangazi akaona Rehema, akapiga makofi, akaingiza feza mu kikwembe ninayomubebea, pale karibu na muguu wa mutoto. "Ya mutoto," akasema. Nikamushukuru. Papa, wewe unajua sisi: chenye wanamuwekea mutoto siku ya kumuona mara ya kwanza iko yake, haigawiwi. Nikamununulia sabuni na kablanketi.

Ku mulango ya mwisho nikavua kofia yako (nayo naivaaka, inanifunika mupaka macho). Wakatuaga vizuri, wakapita, wakakula viazi, wakaenda. Kofia tupu. Papa Siriaki akaichungulia, akasema, "Mama Rehema, leo kofia iko na njaa?" Nikamwambia kweli, hakuna muntu aliweka kitu. Wakarudi ku ng'ombe.

Kumbe shofere wa gari alishasema mu centre yote ya Kirolirwe, mama wa Ulaya aliachia guide matabishi nzuri sana, yeye mwenyewe aliona. Na kablanketi kapya kanaonekana ku mugongo yangu, rangi ya njano, haiwezi kujificha. Papa Siriaki alinikuta ku maji, mbele ya wanawake. "Muzee alikuwaka anagawa. Wewe unavalisha mutoto." Nikamueleza, akainua mabega. Kesho yake milango yote ya malisho ilikuwa imefungwa na waya. Siyo imesukumwa. Imefungwa na waya, imepindwa na koleo.

Na wageni wengine walikuwa wanakuja Jumamosi. Papa Kambale alishasikia. Akanipigia, "Mama Rehema, mimi mafuta ya gari nainunua. Milango ikifungwa, nawapeleka Shasha. Kule watakula samaki, na ziwa haina mulango." Alikuwa anacheka, lakini nilisikia kama hacheki. Akizoea Shasha, njia yako inakufa, na fimbo yako itabaki ya kufukuza mbuzi.

Nilikasirika, Papa. Kisha nikatuliza roho, nikawaza. Ule shangazi hakukosa. Kwao pengine wanamupatia guide vile, kwa upole, kwa njia ya mutoto. Papa Siriaki hakukosa. Yeye aliona kofia tupu na blanketi. Na mimi pia sikuiba. Ila kuko kitu moja nitakwambia, na usikasirike kule uliko: wewe haukuwaambiaka wageni kitu. Ulikuwa unaona haya kutaja feza mbele ya mugeni. Kwako ilitosha, mvi yako na bote zako za matope na ile kofia vilikuwa vinasema. Mimi wakiniangalia wanaona mutoto ku mugongo, basi. Nisiposema na kinywa, hawatajua.

Jumamosi asubui nikashuka ku mulango ya kwanza mbele gari ifike. Papa Siriaki alikuwa amekaa juu ya fensi na jani mu meno. Nikamwambia, "Papa Siriaki, fungua leo. Utasikia na masikio yako chenye nitasema."

"Masikio yangu haikulake," akajibu.

Lakini akachukua koleo. Akafungua ule mulango moja. "Ingine tutaona," akasema, akanifuata nyuma na koleo mu mufuko. Mimi nilisimama wima, Papa.

Wageni wakashuka. Ni familia tena, watoto wakubwa, bibi yao, na baba moja mwenye lunete nyeusi ku macho. Nikawasalimia, nikawaambia tunapita wapi, wasiguse ndama, wasitoke mu njia. Kisha nikasema, "Neno ingine iko ya matabishi." Ule baba akapiga kelele, "Tena bariere ya barabara? Toka tunatoka Goma tunalipa tu!"

Nikamwambia, "Hii bariere haina bunduki, papa. Iko na maziwa."

Wakacheka wote, hata yeye. Nikaendelea, juu ningenyamaza pale singeanza tena. Nikawaambia, kutembea mumeshalipa kwa mwenye gari. Matabishi haiko deni. Mwenye kupenda kusema asante ataiweka mu kofia ku mulango ya mwisho, mbele ya wote, juu kuko wanaofungua milango na wanaochunga hizi ng'ombe munazopiga picha, na sisi tunagawanaka. Mwenye hana, apite na amani, viazi atakula sawa na wengine. "Na huyu mutoto wangu musimuwekee kitu mu kikwembe. Bado hajui kugawa."

Sikugeuka kuangalia nyuma. Nilisikia tu koleo. Papa Siriaki alishatangulia, anafungua mulango ya pili. Kisha ya tatu. Na zingine zote, Papa.

Matembezi ilikuwa nzuri. Ule baba wa lunete alichoka pahali wanachokaka wote, nikamupumuzisha. Ku mulango ya mwisho nikavua kofia, nikaishika mbele ya tumbo kama wewe. Wakaweka. Ule baba pia akaweka. Nikafikiri imeisha salama.

Halafu bibi yao, muzee kabisa, akashindwa. Akamuwekea Rehema feza mu mukono, akasema, "Na wewe kamata, mukubwa wao." Na Rehema akakamata! Akaiingiza mu kinywa. Wachunga ng'ombe wote wananiangalia, Papa Siriaki pia. Nikamutoa mukono mu kinywa, nikamupeleka ku kofia, namwambia achilia mama, achilia. Hataki. Kanafunga vidole kama kufuli.

Papa Siriaki akasema, "Huyu njo damu ya muzee kweli? Muzee aliachiliaka!"

Kilima yote ikacheka. Akatoa lile jani lake mu meno, akamutekenya nalo ku kidevu. Rehema akafungua mukono, feza ikaanguka mu kofia yako, na mate juu.

Tukagawa palepale. Na kila mumoja akiwa ameshapata, Papa Siriaki akatoa kitu ku fungu yake, akaingiza mu kikwembe, karibu na muguu wa mutoto. "Hii njo ya kumuona," akasema. "Mimi sikukuwa nimemuona bado." Pale njo nililia. Sikulia kwa waya, wala kwa maneno ya ku maji. Pale.

Mama akaleta viazi.

Wageni walipoenda, nikachukua kiazi moja ya moto nikaiweka ku lile jiwe letu. Sijui kwa nini, mukono ilienda yenyewe. Siku zote ulikuwa unaniwekea, nikaona zamu ni yangu. Nikageuka kufunga mulango. Niliporudi, Papa Siriaki alikuwa anatafuna. Akaniambia na kinywa imejaa, "Muzee hakupendaka kiazi ipoe." Nikacheka mupaka Rehema akaamuka.

Papa Kambale ameshapiga. Hajasema tena Shasha. Ameuliza tu kama tutaweza kupokea gari mbili amani ikishika, nikamwambia njia iko.

Sasa Rehema anafungua macho, nitaachia hapa. Nakuahidi hivi: kila mugeni nitamuambia wazi ku mulango ya kwanza, hata kama wewe ungeona haya. Kofia yako haitavuliwa kwa siri. Na siku huyu mutoto atashika fimbo, atakuwa anajua kugawa, na atajua viazi vinakuja nyuma ya feza.

Pumuzika, Papa yangu. Waya tumetoa. Milango iko wazi.

Mimi mukazi wa mutoto wako,
ule wa pori