Kosa la Hawa wa Ludara

Arua, Jumanne. Vumbi tangu asubuhi, na jua limepauka. Nimerudi kutoka mahakamani sina hamu ya chakula.

Kazi yangu ni ukalimani. Hakimu anasema Kiingereza, washitakiwa wengi wa Koboko, huku mpakani, wanasema Kiswahili, nami nasimama katikati.

Leo aliletwa Hawa, mjane wa askari kutoka Ludara. Alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, mzigo wa tumbaku kichwani, akielekea soko la upande wa Zaire. Magendo, wanasema. Tumbaku yenyewe aliilima kwa mikono yake.

Hakimu alimuuliza kama anakiri kosa. Hawa akanigeukia mimi.

"Ambia mzee, tumbaku iko yangu. Mimi nasimama kwa kizuizi, lori ya Hajji Swalehe inapita na tumbaku mingi. Askari anafungua njia, anamusalimia. Yeye iko mutu gani, na mimi iko mutu gani?"

Watu wakainamisha vichwa. Hapa kila mtu anamjua Hajji. Hata nyumba ninayopanga ni yake.

Nilitafsiri yote. Na jina pia.

Hakimu hakuandika kitu. Aliniagiza nimwambie mshitakiwa ajibu alichoulizwa tu, kisha akampa miezi sita. Hawa hakulia. Aliuliza nani atawapikia watoto wake. Nilipoanza kutafsiri, kesi nyingine ilikwishaitwa.

Tulipokuwa ukimbizini Zaire wakati wa vita, tuliishi kwa kuvusha chumvi na sabuni. Hakuna aliyetuita wahalifu, labda kwa sababu sote tulikuwa maskini sawasawa. Tangu turudi, nimewatafsiria wanawake wa mizigo na vijana wa baiskeli hadi sauti inanikauka. Mwenye lori sijamtafsiria hata mmoja.

Sidhani ni kwa sababu wenye malori wote ni watu wema.

Jioni mke wa Hajji alikuja kumjulia hali mke wangu. Wakanywa chai. Alipoaga akasema, kwa upole kabisa, kwamba kuna ndugu yao anatafuta nyumba. Mke wangu hajaniuliza nimefanya nini. Yuko chumbani, anakunja nguo za watoto.

Siogopi kuhama. Naogopa kuzoea.

Na nyumbani kwa Hawa hakuna aliyetumwa kupeleka habari. Watoto wanamngoja arudi kutoka sokoni. Jumamosi nitakwenda Ludara mwenyewe, niwaambie mama yao yuko wapi.

Wakiuliza amekosa nini, nitawajibu kwa lugha gani?