Bandari Inayopanda Mlimani

Doornfontein, 3 Juni

Mdogo wangu Hénock,

Bwana asifiwe. Huku baridi imeanza, ingawa wewe huko kaskazini mwa Urusi utacheka nikiiita baridi. Binti yangu Benita anasoma vizuri, ila nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kizulu.

Picha zako za bandari ya Dudinka nimewaonyesha mafundi wenzangu wa kushona. Hawakuamini kwamba kila mwaka, barafu ya mto ikikaribia kuvunjika, mnaziondoa kreni gatini na kuzipeleka mlimani, mto unaifunika bandari, kisha mnasafisha tope, mnazirudisha, na meli za baharini zinaingia tena.

Jumatatu watu waliandamana mtaani kwetu, wakatuambia sisi wageni tufunge karakana kabla ya Ijumaa. Mama usimwambie. Mimi na fundi Lambert tumezipandisha mashini zote chumbani kwangu, ghorofa ya nne. Nguo za harusi za watu nazishonea huko huko juu.

Usiniandikie tena nirudi nyumbani Lubumbashi. Ninyi mto unawafunika kila mwaka, na bandari hamjaihamisha. Haya yakipita, nitashuka na ufagio kwanza, halafu mashini.

Dada yako,
Orpha