Muhuri wa Uvira Unakatwa Jumapili

Papa,

Nimechoka leo, kwa hiyo nitaandika polepole, nawe usome polepole, huna haraka tena. Nimerudi kutoka Lilongwe na vumbi la kambi yetu ya Dzaleka limenipokea kama kawaida. Mkobani nina muhuri mpya wa kanisa, fundi wa Kawale ameuchonga vizuri. Umeandikwa Dzaleka. Ule wako wa kanisa letu la Uvira, wazee wa kanisa wameamua ukatwe Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu wote, mtu asije akautumia vibaya. Na kisu nitashika mimi, kwa sababu uliniachia mimi.

Usidhani niliuzembea. Kila Jumamosi niliusugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, nikauanika kivulini. Ile tampo, sponji ya kugongea muhuri, niliitia matone machache ya wino, nikayasambaza kwa mgongo wa kijiko, nikaigeuza juu chini ilale hivyo hadi asubuhi. Mkono ukiteleza wino ukazidi, bado nakusikia: "Mwana, tampo haiko tumbo. Usiishibishe."

Lakini nilienda Nathenje kuuza vitenge, na huku nyuma shemasi akaukuta muhuri mkavu, akaupaka mafuta ya taa. Mpira wake ukavimba. Herufi za Uvira zimenenepa mpaka zimeshikana. "Mi nilitaka kuusaidia tu," aliniambia, machozi yakimlenga. Ningemgombeza vipi mtu aliyebeba jeneza lako? Maji yakimwagika hayazoleki.

Wazee wana haki. Barua ya utambulisho yenye doa mahali pa jina la kanisa haimsaidii mtu anayehama. Ila inaniuma, Papa. Siku tuliyokimbia vita uliufunga kwenye kitambaa cha Mama, ukasahau viatu. Tulikucheka njia nzima, miguu mitupu na muhuri kifuani. Halafu watu wetu wakaanza kufika hapa bila cheti chochote, nawe ukawaandikia, ukaupulizia muhuri pumzi ya moto, ukagonga. Hakuna aliyehama kanisa letu bila barua. Isipokuwa wewe. Homa ilikuondoa upesi, na sisi katika kulia hatukukumbuka.

Basi leo nimeusafisha mara ya mwisho. Nimeupulizia kama wewe. Hapa chini naandika maneno uliyowaandikia wengine wote: Mpokeeni ndugu yetu huyu, ametoka kwetu kwa amani. Jumapili kabla ya ibada nitakuletea karatasi hii kaburini na kuiwekea jiwe juu, kisha nitaenda kukata.

Huu mpya nitautunza ulivyonifundisha. Mafuta ya taa hayatausogelea, nakuahidi, hata kama ni mimi peke yangu nitakayejali.

Nenda salama, Papa. Nimegonga sasa hivi, na kama nilivyoogopa, jina halisomeki. Wakikuuliza umetoka wapi, waambie mwenyewe kwa mdomo: Uvira.

Binti yako,
Furaha