Mwili Wako Haukudanganya

Makena,

Nimekukasirikia. Naanza hivyo kwa sababu kila anayekutaja siku hizi anaanza na machozi au na sifa, na mimi nimechoka na vyote viwili. Wamekufanya malaika. Kambini Timau wamechapisha fulana zenye picha yako, ile uliyopigwa kwenye kona, umeuma meno, muda mfupi tu kabla hujaanguka. Chini yake wameandika: HAKUKATA TAMAA. Nilipewa yangu nikairudisha. Kocha aliniuliza kama sikupendi. Niliondoka nisije nikamjibu vibaya mbele ya wasichana wageni wa kambi.

Mimi nilikujua kabla ya fulana. Tukiwa shule kule Kaaga, kila kabla ya mbio ulikuwa unakimbilia nyuma ya vyoo kutapika, nami nakushikia chupa ya maji. Ulikuwa unaniambia, "Kathure, leo nimeisha." Halafu unapangusa mdomo, unaenda kwenye mstari, na tunaona mgongo wako mpaka mwisho. Hakuna aliyeona kwamba una shida. Uoga wako ulipitia tumboni ukaisha, nawe ukakimbia.

Tulipomaliza Form Four na kujiunga na kambi ya wakimbiaji, Kocha ndiye aliyesema kutapika ni ugonjwa wa akili dhaifu. Sitamnyima haki yake. Alitufundisha mambo mazuri yule mtu. Alituketisha kwenye magunia katika stoo ya ngano, tukafumba macho na kuikimbia mbio yote kichwani, kuanzia bunduki mpaka utepe. Alitufundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuiachilia polepole mpaka mabega yashuke. Aliniambia nisiangalie mgongo wa mtu, nisikilize miguu yangu mwenyewe. Hayo yote yalinisaidia, na wewe yalikusaidia kuliko mimi. Uliacha kutapika. Ukaanza kuwashinda wanawake waliokuwa wanatuacha mbali. Ulimpenda Kocha vile mtu anavyompenda aliyemtoa mwiba mguuni.

Lakini hakuishia hapo. "Mwili ni mwongo," alikuwa anatuambia tukipanda ule mlima wa asubuhi, baridi imetukata masikio. "Ukiusikiza utarudi nyumbani kuchuma kahawa." Ukichoka, ni uoga. Goti likiuma, ni uoga. Kila maumivu aliyapa jina hilo moja. Nasi tulirudia maneno yake kwa sauti, wasichana wazima, kama tuko kanisani. Wewe ndiye uliyekuwa unayasema kwa nguvu kuliko sisi sote.

Ndipo kifua kikaanza kukusumbua. Siku ya kwanza tulikuwa kando ya ua wa shamba la ngano. Ulishika nguzo, midomo ikawa rangi ya majivu, ukasema moyo unapapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Nilikuambia twende hospitali. Ukasema ni presha tu ya mashindano ya mchujo kule Embu, itapita. Siku nyingine ukaanguka kabisa katikati ya mazoezi. Kocha alikuja akasimama juu yako.

"Umeogopa kuwa mbele," akasema. "Inuka."

Ukainuka. Tena ukatabasamu, Makena. Tabasamu hilo linanikasirisha mpaka leo. Ulifurahi kama mtoto aliyesifiwa kwa kutolia akidungwa sindano.

Nilimwendea Kocha peke yangu nikamweleza habari za moyo wako. Alinisikiza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama si mimi niliyepoteza nafasi kwenye timu mbio zilizopita, wewe uliponipita. Nilitoka pale. Nikaja kwako nikakuomba tushuke Meru siku ya mapumziko, upimwe tu, turudi. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Wewe ndiye unaniwekea uoga, Kathure. Usinikaribie mpaka tumalize Embu."

Ukasukuma kitanda chako mpaka ukuta wa pili. Tulikula githeri tumepeana migongo ndani ya chumba kimoja. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniachia. Umenifanya nikuzike nikiwa bado nimenuniwa.

Embu kulikuwa na jua. Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia ukiwa mbele, nami nikiwa nyuma na wengine kati yetu. Kwenye kona niliona mikono yako ikiacha kufanya kazi. Hukujikwaa. Mikono ililegea kwanza, halafu magoti, halafu ukalala chini kifudifudi. Nilisimama. Wengine walinipita wakaenda kumaliza. Na pale pembeni Kocha alikuwa ameshika ua wa chuma wa uwanja, anapiga kelele, "Inuka! Ni akili hiyo, inuka!" Alikuwa anamwamuru mtu asiyesikia tena. Ulikufa njiani kabla gari halijafika hospitali, kichwa chako kikiwa mapajani mwangu.

Daktari alimweleza mama yako baadaye, nami nikawa namtafsiria kwa Kimeru. Alisema misuli ya moyo wako ilikuwa minene kuliko inavyotakiwa, na huenda ulizaliwa nayo hivyo. Alisema kuna kipimo ambacho kingeonyesha. Mama yako aliuliza kama ulikuwa na dalili yoyote. Nilimwambia kila kitu: nguzo ya ua, ile siku ya kuanguka, na ile sauti ya Embu. Hakulia. Aliniomba tu nirudie ile sehemu ya "inuka", kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

Kisha ukaja msiba, na Kocha akapewa kipaza sauti. Alisema ulikataa kuusikiza mwili, na kwamba hiyo ndiyo roho ya bingwa. Watu wakapiga makofi. Kwenye mazishi, Makena, mbele ya jeneza lako, watu walipiga makofi. Mama yako aliinuka akaelekea kwenye migomba nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Alikuwa amesimama akishika jani kavu.

"Kathure," akasema, "hawa watu wanashangilia nini?"

Nilimshika mkono tukakaa huko mpaka nyimbo zikaisha.

Nimepimwa moyo. Nilishuka Meru mwenyewe, nikalala kwenye kile kitanda, nikaambiwa niko sawa, nikalia mbele ya daktari ambaye hakuelewa kwa nini mtu analilia habari njema. Nilirudi mazoezini kwa sababu napenda kukimbia, sina sababu nyingine. Lakini nilikuwa nikisikia moyo unapiga kwa nguvu nasimama. Katikati ya mlima, nasimama, nashika kifua. Silaha niliyofundishwa kupigana na uoga wa namna hiyo ilikuwa kutousikiza mwili, na ndiyo iliyokuua. Ilinibidi nitafute nyingine.

Siku hizi uoga ukija siupingi. Nauuliza uko wapi. Kama uko kichwani, unaniambia nitakuwa wa mwisho na watu watanicheka, nauacha ukimbie kando yangu, utachoka wenyewe. Kama uko kifuani au mguuni, napunguza mwendo, nasikiliza, na nikishuka namwambia mtu. Ni jambo dogo kabisa. Imenichukua muda mrefu kulijifunza, na wewe hukupewa hata nafasi ya kulisikia.

Halafu asubuhi moja Kocha alituketisha tena kwenye magunia. Wasichana wageni walikuwa wamefumba macho. Akaanza, "Mwili ni mwongo." Nilifumbua macho nikasimama.

"Mwili wa Makena ulisema ukweli," nikamwambia. "Ulisema mara nyingi. Wewe ndiye uliyemdanganya."

Nilidhani atanifukuza. Hakupandisha sauti. Aliketi kwenye gunia, akatazama mikono yake, akasema naye alifundishwa hivyo hivyo; aliwahi kukimbia na mguu uliovunjika, akamaliza, akapigiwa makofi, na hajakimbia tena tangu siku hiyo. Akasema, "Kama ningejua, Kathure."

"Uliambiwa," nikasema. "Mimi nilikuambia."

Alitoka nje akatembea peke yake kwenye ngano mpaka tukamwona mdogo sana kwa mbali. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi. Sikutaka awe mtu. Nilitaka awe tu yule wa pale kwenye ua wa chuma, mwenye ile sauti.

Tangu siku hiyo hakuna msichana anayeanza mazoezi kabla ya kupimwa, na Kocha mwenyewe ndiye anayewashusha Meru. Yale maneno yake sijayasikia tena. Lakini bado hajaenda kwa mama yako. Nimemwambia wazi kwamba njia ya kwenu Nkubu anaijua na kwamba fulana haziombi msamaha.

Nimerudi Embu, mbio ile ile, uwanja ule ule. Kwenye mstari wa kuanzia nilitamani kukaa chini. Niliuliza uoga uko wapi. Ulikuwa kila mahali, kusema kweli, lakini kifua kilikuwa shwari, basi nikakimbia. Nilipofika kwenye kona sikuangalia chini. Nikawa wa nne. Watatu wa kwanza ndio waliochaguliwa kuendelea mbele, kwa hiyo nimebaki nyumbani. Nikaketi kwenye nyasi nimeweka mkono kifuani, moyo ukipiga kama utatoka. Kisha ukaanza kupunguza, taratibu, wenyewe, bila kuamriwa na mtu, mpaka ukatulia. Nililia kwa hasira pale. Nililia kwa sababu wangu umetulia.

Sasa nakuaga, Makena. Nilikuwa nataka hasira iishe kwanza ndipo niandike, lakini haiishi, na wewe unastahili kuagwa. Kosa lako ni kwamba ulimwamini mtu mzima aliyekuahidi ushindi. Nitazidi kukukasirikia, na nitazidi kukupenda, siwezi kutenganisha.

Ahadi yangu ni hii. Kila wakikusimulia hapa kama mtu aliyekufa kwa kutokata tamaa, nitasimama niwaambie mengine. Nitawaambia ulitaka kuwa na ng'ombe wa maziwa, ulicheka kwa sauti ya kuaibisha, ulipanga kumjengea mama yako jiko lisilo na moshi. Nitawaambia ulitaka kuishi. Na nitawaambia siku ile Embu hukuwa shujaa wa kitu chochote. Ulikuwa msichana mgonjwa aliyehitaji kuambiwa aketi chini.

Kathure