Spana Namba Kumi

Mwalimu,

Tulikuzika na spana namba kumi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi, na mimi pia.

Ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli. Ulikuwa umesema uzikwe na ovaroli yako ya kazi, si suti, basi mkeo, Mama Karimi, akaitoa kwenye msumari wa karakana vile ilivyokuwa, akakupelekea mochari. Hakuna aliyepapasa mifuko. Siku ya mazishi ni mimi niliyekaza skrubu za jeneza. Mimi, msaidizi wako, uliyenifunza miaka sita kwamba ndege haifungwi mpaka kila kifaa kirudi kwenye ubao wa vifaa, kwa maana spana moja iliyosahaulika ndani inaweza kuangusha watu. "Kananu, usifunge kabla hujahesabu." Nikafunga. Nilikuwa nalia, lakini hiyo si sababu.

Jumatatu tuliporudi kazini, ubao wako ulikuwa na umbo moja tupu. Kila kifaa ulikichorea umbo lake kwa rangi nyeupe, kwa hiyo pengo lilionekana kutoka mlangoni, nami nikajua mara moja iko mfukoni mwako.

Siku hiyo hiyo, kabla ya chai ya saa nne, ukungu wa Timau ukiwa bado umekalia ngano, tukasikia chuma kikigonga chuma mara tatu. Ndivyo ulivyokuwa ukigonga ubavu wa ile ndege kuukuu ya kunyunyizia dawa, kutuita tuhesabu vifaa. Sauti ilitoka ng'ambo ya seng'enge, shambani kwako, pale tulipokulaza. Njeru, yule mwanafunzi wetu wa Mbeere asiyeogopa hata nyoka, akasimama mbele ya ubao akaanza kuhesabu bila kuambiwa. Alipofika kumi akanyamaza akanitazama. Chai siku hiyo haikunyweka.

Kesho yake, tena. Na kesho kutwa.

Na wakaguzi wa vyuo walikuwa wanakuja, Mwalimu. Wale uliowaandikia tangu ustaafu, ukitaka mtoto wa Kianjai au wa Embu aanze ufundi wa ndege hapa hapa, kisha aende kumalizia Nairobi bila miaka yake miwili kutupwa. Unakumbuka waliotutangulia walivyoambiwa waanze upya. Wengi walichoka, wakarudi kulima miraa. Sasa wanafunzi kumi na tisa walikuwa wanangoja, na kitu cha kwanza ambacho wakaguzi wangeangalia ni ubao.

Nikafanya ujinga. Nikashuka Makutano, nikanunua namba kumi mpya, nikaitundika. Asubuhi niliikuta sakafuni, na msumari ulikuwa imara. Nikaitundika tena. Asubuhi ya pili ilikuwa mlangoni, ule mlango unaotazama shamba lako, na ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu. Nilikuogopa. Wewe uliyenimegea nduma kila saa nne, nilikuogopa.

Nikaenda kwa Mama Karimi nikakiri. Nilidhani atataka ufukuliwe. Akacheka, kisha akalia. "Wacha akae nayo," akasema. "Huyo hata kanisani alikuwa anaenda na spana." Nikaiondoa ile mpya ubaoni.

Wakaguzi walipofika, yule mzee wao aliweka kidole penye pengo akauliza iko wapi. Ningeweza kusema imepelekwa kupimwa Nairobi, nani angejua? Lakini wanafunzi walikuwa nyuma yangu, wote masikio. Nikasema ukweli wote, hata wa skrubu. Hakucheka. Akaomba aonyeshwe.

Tulivuka seng'enge. Akavua kofia, akasimama kando ya kaburi. Ilikuwa inakaribia saa nne. Ukagonga, Mwalimu, mara tatu, chini ya viatu vyetu. Yule mzee hakuuliza ni nini. Akaniambia, "Madam, kifaa kikijulikana kiko wapi, hicho hakijapotea. Andika hivyo kwa kitabu." Akavaa kofia.

Barua yao imefika wiki iliyopita. Wamekubali. Januari, Njeru na Muthoni wa Embu wanakwenda Nairobi, na wanaingia mwaka wa tatu, si wa kwanza. Nilitamani nikukimbilie nikuambie, nikakumbuka. Nikakaa chini kwenye tairi la ndege yako nikalia kama mtoto.

Siku hizi tunahesabu kila saa nne bila kuitwa. Tukifika kumi, darasa zima husema, "Iko na Mwalimu." Tangu tuanze hivyo, hugongi tena mara tatu. Unagonga mara moja tu, pale pale kwenye kumi, kisha tunaendelea na kumi na moja.

Pengo lako sitalijaza, nakuahidi. Na sitafunga kitu tena kabla sijahesabu, kiwe ndege, kiwe jeneza.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Spana baki nayo. Tafadhali, usiirudishe.

Msaidizi wako,
Kananu