Kome Nisiowaonja

Nyuma ya stesheni ya reli,
Talat Phlu, Thonburi,
Bangkok.
27 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Thanin,

Pokea salamu za dada yako, ambaye ni mzima isipokuwa miguu. Hujambo wewe, na wifi yangu Solveig hajambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa usiku kucha na kusingizia baridi ya Norwe? Huku joto limekataa kuondoka na mvua imekataa kuja, nasi tumekaa katikati tunachemka. Paka wa Mama yupo. Analala kwenye kiti cha Mama na hataki mtu mwingine akikalie.

Najua hukuifungua barua hii kutafuta habari za paka. Unataka kujua kama ibada ya siku ya mia tangu Mama afariki ilikwenda salama, na kama kome walipatikana. Nitakueleza, ila niache niende kwa mwendo wangu, maana leo hata kalamu naiona nzito.

Uliponiambia kwenye simu kwamba watawa wapewe kome wa kukaanga wa Bibi Samniang, maana wanachokula watawa humfikia marehemu, na Mama huko aliko asile kingine, niliitikia vizuri, kisha nilipokata simu nikakasirika. Kuagiza ukiwa mbali ni rahisi. Wewe hukuwapo hospitali. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi nilimuuliza, naye akajibu bila kusita: kome wa Bibi Samniang. Nikakimbia hadi pale alipokuwa akiuza, chini ya daraja, nikakuta wachuuzi wote wameondolewa na njia imeoshwa, hakuna hata doa la mafuta. Nikanunua kwa mtu mwingine. Mama akala kijiko kimoja, akasema, "Siyo hawa, lakini asante, mwanangu," akaisukuma sahani. Hakuomba tena chakula mpaka anafariki. Jambo hilo limenikaa kooni, Thanin. Ndiyo maana sikukukatalia.

Basi juzi Jumamosi nilitoka kutafuta. Nilikwenda na Rungnapha, yule ninayeshona naye sare kiwandani, na jirani yetu Bunloet, aliyeacha abiria wake siku nzima akatubeba kwenye teksi yake. Mimi nilitoka kama mtu mwenye msiba. Wao walitoka kama watu wanaokwenda karamuni, na Rungnapha alivaa kabisa suruali ile ya mpira kiunoni.

Kila palipokaangwa kome tulisimama. Unaujua ule mlio wa unga ukimwagwa juu ya chuma chenye mafuta. Mpaka sasa nikifumba macho nausikia. Nilikuwa naonja, natikisa kichwa, tunaondoka. Wale wa soko la Wang Lang walikuwa laini mno. Wa Nang Loeng walikuwa na mayai na machipukizi ya choroko mengi kuliko kome. Yule wa karibu na kituo cha polisi nadhani hajawahi kuwapenda kome maishani mwake. Na pasipokuwa na kome vilevile tulisimama, kwa sababu Rungnapha hapiti mbele ya vitumbua vya tui akanyamaza. Alikula mishikaki ya nguruwe, akala saladi ya papai yenye pilipili iliyomliza, akala wali wa kunata kwa embe ili aizime hiyo pilipili, kisha akasema tambi hazihesabiwi kwa kuwa ni supu.

Ilipofika alasiri ulimi wangu ulikuwa umekufa ganzi. Kila kitu kilikuwa na ladha ya mafuta na moshi wa pikipiki. Nilikaa kwenye kistuli kimoja cha plastiki, jasho linanitiririka mgongoni, nikawaambia turudi nyumbani, nitanunua popote, Mama atanisamehe. Bunloet naye alikuwa amelegeza mkanda.

"Mtafutaji hachoki," Rungnapha akaniambia, mdomo umejaa, "na akichoka keshapata."

"Huyo hakuwa anatafuta na wewe," nikamjibu.

Lakini tulipokuwa tukirudi, ni huyohuyo Rungnapha, kwa mdomo wake usiotulia, aliyemuuliza mzee anayeuza maandazi ya majani ya vitunguu pale kando ya reli. Mzee akasema Bibi Samniang hajafa wala hajaacha kazi. Anakaanga uani kwake Bang Kruai, nyuma ya hekalu. Pale kando ya reli, Thanin, ni hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Tulikuwa tumeuzunguka mji mzima bure.

Bunloet akageuza teksi hadi huko, tukamkuta bibi anafunika ndoo. Amekonda, ila mwiko wa chuma ni uleule uliolika upande mmoja. Nilipomtajia Mama aliniuliza aliumwa nini, nikamweleza. Akasema kome waliobaki wanatosha sahani moja tu, na kesho ni siku takatifu, siku hiyo yeye haui chochote chenye uhai. Kesho hiyo ndiyo siku ya mia. Kwa hiyo ilikuwa sahani hiyo au basi.

Akaikaanga. Sisi watatu tulisimama tukiufuata mwiko kwa macho. Alipoimimina kwenye kopo, mkono wa rafiki yangu ukaenda wenyewe na kijiko, maana ulikuwa umezoea kazi hiyo tangu asubuhi. Niliupiga kofi hadi kijiko kikaanguka. Chakula cha watawa kikishaonjwa kimekuwa makombo, nani asiyejua?

"Sasa utajuaje kama ndio hawa?" akaniuliza, anajisugua mkono. "Miaka imepita, bibi kazeeka. Onja pembeni kidogo tu, mtawa hataona."

"Mama ataona."

"Na kama siyo hawa? Si utakuwa umempelekea kilekile alichokisukuma?"

Nikalifunika kopo. Siku nzima nilikuwa nimeonja nisichokitaka, na nilichokitaka sikuruhusiwa kukionja. Nilikaa kwenye teksi na lile kopo mapajani, la moto, nikalia kwa uchovu. Bunloet alifungua dirisha lake na kutoa kichwa nje ili asivute hata harufu. Sitamsahau kwa hilo.

Jana alfajiri niliwapasha moto wale kome kwenye kikaango kikavu, nimebana pumzi kama mpiga mbizi. Hekaluni niliwapangia watawa vyakula vingine, na wale kome nikawaweka kwenye kitambaa wanachotandaza kupokea vya wanawake, mbele ya yule mtawa mzee wa mwisho kulia, aliyemfahamu Mama. Nilitaja jina la Mama na jina lako. Baada ya baraka nikamimina maji chini ya mti ili thawabu zimfikie, polepole, kama alivyotufundisha mwenyewe.

Sasa unajua desturi: watawa wakishamaliza, kinachobaki hurudi kwetu tule. Nilikuwa nimeliweka hilo moyoni tangu usiku. Nilijiambia kwamba kikirudi hata kipande cha ukubwa wa ukucha, nitakionja, nami nitajua. Mchuzi ulirudi. Samaki alirudi nusu. Wali ulirudi sufuria nzima. Sahani ya kome ilirudi tupu, Thanin, hata chipukizi moja la choroko halikubaki.

Rungnapha alisema yule mzee alikuwa na njaa tu. Sikubishana naye. Niliichukua ile sahani nikaenda kuiosha mwenyewe, na hapakuwa na kitu cha kuosha. Ile ya hospitali niliiosha ikiwa imejaa.

Rungnapha anataka Jumamosi ijayo turudi kwa Bibi Samniang tuhakikishe. Nimemwambia aende na tumbo lake, mimi sitaonja. Nimechoka, na hiki ninachokijua kinanitosha. Lakini ladha ile unaikumbuka wewe kuliko mimi, na bibi hatakaanga milele. Njoo uonje wewe. Kiti cha Mama nitamnyang'anya paka.

Bunloet anakusalimu na anasema teksi bado inanuka kome. Rungnapha anakusalimu. Shangazi Chamoi anauliza kama wifi amejifunza kula pilipili. Nisalimie wifi sana, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Wema tulioutenda jana ukufikie huko kwenye baridi, ukulinde kifua, ukulete nyumbani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa sina nguvu ya kusimama,

Orathai